Pima Kuanzia kwa Bi Somoe

Mlio ulitangulia. Mvumo mzito, kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya mtungi, ulipita ukutani ukatukuta mie na mama tunakula, chumbani kwetu Temeke. Ukapanda. Ukawa mluzi wa mtu aliye mbali, ukazidi kupanda hadi ukawa mwembamba kama sindano, kisha ukapotea kabisa, na mbwa wa jirani akabaki anabweka peke yake kana kwamba yeye bado anausikia.

"Jini," mama akasema, tonge likiwa limesimama hewani.

"Jini gani anayejifunza kuimba?"

"Wewe bisha tu. Chumba kile kitupu tangu Mfungo Mosi."

Akavuta kanga kichwani akaanza kusoma dua kwa sauti. Mvumo ukarudi. Mama alivyokaza dua, nao ulivyopanda, mpaka ikawa kama wanashindana. Mwisho akachukua mwiko akagonga ukuta. Kukawa kimya. Halafu sauti ya mwanamume, ya upole, yenye lafudhi ya bara, ikasema kutoka upande wa pili: "Samahani sana, mama. Ni mimi mpangaji mpya. Napima spika."

Naikumbuka siku hiyo kwa sikio, mwanangu, kuliko kwa jicho. Hata leo nikifumba macho naisikia sauti ile ikipanda, na moyo wangu unapanda nayo, mie bibi kizee mwenye magoti yanayolia kuliko spika yoyote. Jana ulipoketi hapa na kompyuta yako mapajani, ukaniambia kwa uchungu kwamba mwalimu wenu amewapa mzunguko wa kukuza sauti mkauchore, na kwamba ninyi siku hizi transista hamziokoti wala hamzinunui, mnazichora wenyewe, upana wake na urefu wake, nilitamani kusimama nicheze. Wee! Kuichora transista kwa vipimo unavyotaka! Ukasema, "Bibi, mie nabadilisha namba tu mpaka ikubali." Hapo ndipo nilipokutazama nikajiona. Kwa hiyo weka begi chini kidogo. Basi lako halijafika, na hadithi yangu si ndefu kama unavyohofia.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tukiitana ndugu mpaka na watu tusiowapenda. Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuunga redio. Kazi yangu ilikuwa kupachika vidude kwenye matundu yake na kuvishika kwa risasi ya kuyeyusha. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilijua kila kidude kinakaa wapi. Kwa nini kinakaa hapo, sikujua, na hakuna aliyeniuliza.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, mzaliwa wa Lindi, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na ukutani nyuma yake kulikuwa na msumari mrefu uliojaa nyuzi. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo alipompima mtu alifunga fundo kwenye uzi: fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno. Kwa rangi ya uzi alimjua mwenyewe. Mtu akirudi baada ya Idi mbili, mama anavuta uzi wake msumarini na kusema, "Umenenepa au macho yangu?" Watu walishangaa. Yeye hakufurahi. Nyuzi huchanganyika, panya hula, na siku moja gauni la bi harusi lilishonwa kwa kiuno cha shangazi yake. Mama aliniambia, "Salima, nikijua kuandika namba na jina, nyuzi hizi nitazichoma moto."

Ndiyo maana darasa la watu wazima lilipoanzishwa, alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na akatoa na uwanja. Wanawake walikutana uani kwetu Ijumaa alasiri, kila mmoja na mkeka wake. Masomo yalitoka redioni. Mama alikigeuza kinu, akaiweka redio juu ya kitako chake, mwalimu akazungumza kutoka humo, na wanawake wakaitikia kama watoto: a, e, i, o, u. Mwanzoni walikuwa wachache. Baadaye wakajaa mpaka mlango wa jikoni, na huko mwisho kabisa, kwenye kigoda chake, aliketi Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mzee kuliko wote, na masikio yake yalikwisha kuchoka. Mbele hakutaka kukaa kwa sababu miguu yake ilihitaji ukuta wa kuegemea. Alitaka jambo moja tu: kulisoma jina lake mwenyewe kwenye kadi ya chama. "Wananiambia limeandikwa Somoe," alikuwa akisema. "Nitajuaje? Huenda wameandika Mbuzi."

Redio yetu ilikuwa ndogo. Tangu darasa lijae, wa mbele walisikia, wa kati wakabahatisha, na Bi Somoe akaitikia kwa kufuata midomo ya wenzake. Wakisema "ba," yeye anasema "ma."

Ndipo alipokuja afisa wa elimu ya watu wazima, kijana mwenye suti ya mikono mifupi. Alisikiliza kipindi kizima akiwa amesimama jikoni, karibu na Bi Somoe. Baadaye akasema, kwa heshima kabisa, kwamba darasa lisilosikia si darasa. Mwisho wa mwezi atarudi, na kama hali itakuwa ile ile, wanafunzi wote watahamishiwa Buguruni, ambako kuna ukumbi na redio kubwa.

"Buguruni!" mama akasema. "Ndugu Afisa, Bi Somoe atafikaje Buguruni na miguu ile?"

"Mama, sheria si yangu."

"Basi yeye asipokwenda, na mie siendi."

Nilimjua mama yangu. Hakuwa anatishia tu. Darasa likienda Buguruni, angerudi kwenye nyuzi zake na asiguse tena kalamu. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema mbele ya watu wote: "Nitatengeneza kikuza sauti. Akirudi, Bi Somoe atasikia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Na mie, mwanangu, nikahisi furaha ya ajabu, kama mtu aliyeruka mtoni kabla ya kupima maji.

Mpangaji wetu aliitwa Anyimike. Alitoka Tukuyu, alisomea uhandisi ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya mawasiliano ya simu. Nilimwita Kaka Anyimike. Mama, baada ya kumsamehe ule ujini, alimwita baba. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la transista alizochomoa kwenye mizoga ya redio, kubwa na ndogo, nyingine nyeusi kama mbegu za papai, nyingine za chuma, pana kama sarafu na zenye masikio mawili ya kufungia.

"Chukua unayotaka," aliniambia. "Lakini unataka ipi?"

"Kubwa kuliko zote."

Alinitazama kidogo, akanipa.

Niliifunga. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo chuma cha kuchomea nilikipasha kwenye jiko la mkaa, mama akilalamika kwamba wali wake unanuka kiwanda. Niliunganisha redio na ile transista kubwa, na transista na spika kubwa ambayo Kaka Anyimike aliniazima. Mawe ya redio, yaani betri, tuliyapata kwa shida dukani; siku hizo yalikuja kama mvua za kiangazi. Ijumaa wanawake wakakaa. Nikawasha kwa mbwembwe.

Mwanangu, sauti ilikuwa ndogo kuliko ya redio peke yake.

"Salima," Bi Somoe akapaza sauti kutoka jikoni, "hiyo redio imeposwa? Mbona inanong'ona?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na kabla kipindi hakijafika nusu, betri zikafa. Jioni nikagonga mlango wa Kaka Anyimike, nimekunja uso.

"Transista yako mbovu," nikasema.

"Nzima. Uliichagua kwa nini?"

"Kwa sababu ni kubwa."

"Kubwa kuliko nini?"

Nilichukua kutoka sandukuni ile ndogo kuliko zote, nikaondoka nimekasirika. Kesho yake, tulipopata betri nyingine, nikaifunga mahali pa ile kubwa. Ikalia kweli, tena kwa nguvu! Nikaruka. Kisha sauti ikaanza kukwaruza kama mtu anayesema huku anatafuna mchanga, kukatoka harufu ya kuungua, ikafa. Nilipoigusa ilinichoma kidole. Kovu lake hili hapa, ukilitafuta vizuri.

Kaka Anyimike akaiona, akaishika kwa kitambaa kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa. Hapo ndipo aliponikaripia, na hajawahi mtu kunikaripia kwa sauti ndogo vile.

"Salima, kubwa ilikataa ukaleta ndogo. Ndogo imeungua. Sasa utaleta ya kati? Na hiyo ikikataa? Mikono yako ni mizuri kuliko yangu, lakini unabahatisha. Unaiuliza transista iweje, na wewe mwenyewe hujajua unataka iinue nini."

Nilijibu kwa ujeuri kwamba kama anajua, aseme. Akakuna kichwa. Alijua, ila alijua kwa Kiingereza na kwa hesabu, na kila alipoanza kueleza alikwama katikati, akachora mstari hewani, akaufuta.

Mama alikuwa barazani anazungusha cherehani, anasikia kila kitu. Bila kuinua macho akasema: "Mtu akija kwangu kushona, nampima kwanza yeye au navuta kitambaa?"

"Yeye," nikasema.

"Sasa wewe mbona umevuta kitambaa mara mbili, na mwenye nguo hata hujamwona?"

Kaka Anyimike akasimama. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Salima! Rudia!"

"Nirudie nini, baba? Nimesema kitu kibaya?"

"Mwenye nguo ni nani, Salima? Nani amevaa hii sauti?"

Nikaona, mwanangu. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha la chumba nilichokuwa nikikipapasa gizani. Mwenye nguo hakuwa redio. Hakuwa transista. Alikuwa Bi Somoe, kwenye kigoda chake, mlangoni mwa jikoni.

Tukaanzia kwake, siku ile ile, jua halijazama. Nilimleta nikamketisha mahali pake. Tukaiweka spika juu ya kinu, na Kaka Anyimike akatoa kile kifaa chake cha kutoa mlio, yule jini wa siku ya kwanza, akakiunga na spika kupitia kipimo chenye mshale. "Bi Somoe," akasema, "ukisikia vizuri, vizuri kabisa bila kukaza shingo, inua mkono." Akaongeza. Mkono haukuinuka. Akaongeza. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mkono bado. Akaongeza tena, na Bi Somoe akainua mikono yote miwili akapiga kelele, "Mnanitoboa! Punguza!" Akapunguza kidogo, Bi Somoe akaitikia kwa kichwa. Mshale ukasimama. Huo ndio mkondo wa umeme ambao spika ilihitaji kumfikia Bi Somoe.

Nikakimbilia msumarini, nikachukua uzi mwekundu mpya, nikapima juu yake mkondo ule, upana wa kidole kwa kila alama aliyopita mshale, nikafunga fundo. Kilikuwa kipimo kizuri, kama cha kifua cha mtu mnene.

"Sasa," Kaka Anyimike akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama yangu, "nani atakayemlisha spika kiasi hicho bila kuchoka?" Tukamwaga sanduku juu ya mkeka. Ile ndogo kabisa isingeweza, tulishaiua. Ile kubwa kabisa ingeweza, ingebeba hata spika za uwanja wa mpira. Ila yenyewe ili iamke ilitaka kusukumwa kwa mkondo mwingi, na kiredio chetu hakikuwa na pumzi hiyo. Ndiyo maana ilinong'ona. Na hata ikiwa haifanyi kazi ilikunywa betri. Nilicheka peke yangu. Kumbe haikuwa mbovu! Nilikuwa nimempa mtoto mchanga mlango wa ghala ausukume.

Tukachagua za katikati, na tukazipima moja moja: ukiipa mkondo kidogo huku, inatoa mkondo kiasi gani kule? Moja inakuza sana, dada yake aliyetoka kiwanda kile kile anakuza nusu tu. Zinafanana sura, tabia mbalimbali. Za mwisho, zile za kuilisha spika yenyewe, zilitakiwa ziwe mbili, moja isukume spika mbele, nyingine iivute nyuma, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akiwa mvivu, mdundo unaharibika. Tulitafuta pacha mpaka tukawapata.

Kisha tukarudi nyuma hatua moja. Mapacha hawa ili waamke wanahitaji mkondo gani? Nikaupima kwenye uzi: mfupi zaidi. Fundo. Nani atawapa huo? Transista ndogo zaidi, nyuma yao. Na huyo naye anataka nini ili aamke? Mfupi zaidi tena, kama kiuno cha nyigu. Fundo. Na hilo fundo la mwisho, mwanangu, nilipoliweka karibu na kile ambacho redio yetu inaweza kutoa, vikakutana. Vikakutana! Nilipiga kelele mama akachomwa na sindano. Uzi ulitoka sikioni mwa Bi Somoe ukarudi, fundo kwa fundo, mpaka ndani ya redio, na hakuna mahali ulipokatika.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikipachika vidude. Siku ile ndiyo nilijua kwamba kila kimoja kina mtu wake.

Mama alikuja akautazama uzi wetu, akaupitisha vidoleni kama anavyofanya. "Umebana," akasema. "Nguo hii haina kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Mtu hula. Mtu huvimba."

"Transista haili, mama," nikasema.

"Hupata joto?" akauliza.

Kaka Anyimike akanitazama, mie nikamtazama. Tulikuwa tunapima jioni, upepo unavuma. Darasa ni alasiri, uani, mabati yanapumua moto. Na transista ikipata joto hupitisha mkondo zaidi, na ikipitisha zaidi hupata joto zaidi, mpaka ijichome yenyewe. Basi tukaongeza. Tulichukua mapacha wengine, wakubwa kidogo kuliko uzi ulivyosema. Kidogo tu, kwa kuwa tukizidisha tungerudi kwenye kunong'ona. Na chini ya kila mmoja tukafunga kizuizi kidogo cha mkondo, cha kumshika nguo asikimbie. Kisha nikawapa umeme kiasi cha kuwaweka macho wakati wa kimya. Nikiwapa haba, sauti inakwaruza kila inapoanza. Nikiwapa mwingi, wanakunywa betri bure. Nilitafuta mahali hapo kwa sikio na kwa kidole, polepole, na nilipopapata nilihisi kama nimemshika kuku mgongoni akatulia.

Mwisho wa mwezi ukafika. Ijumaa ile ilikuwa ya joto la kuyeyusha sabuni. Wanawake walijaa, hata wasiokuwa wanafunzi walikuja kuona kama redio itanong'ona tena. Ndugu Afisa akasimama mahali pake pale pale, karibu na Bi Somoe. Mama aliketi mbele, mgongo umenyooka, kalamu mkononi, na hakunitazama hata mara moja. Nilijua kwa nini. Angenitazama angelia.

Nikawasha.

"Habari za alasiri, wanafunzi wapenzi," redio ikasema, na sauti ilikuwa nene, safi, imejaa uani ukuta kwa ukuta. Bata wa jirani wakakimbia. Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa redioni akasema tuanze na silabi za Ijumaa iliyopita. Ba. Wakaitikia, ba. Sa. Wakaitikia, sa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kinu na kidole changu juu ya pacha mmoja. Alikuwa vuguvugu. Jua likazidi. Akazidi kuwa vuguvugu. Nikasema moyoni, hapo hapo, baba, usiende zaidi. Akasita. Akakaa hapo hapo, moto wa kikombe cha chai kilichosahauliwa, hakuongeza.

"Sasa," redio ikasema, "nani anaweza kunitajia neno linaloanza na so?"

Mwalimu wa redioni hasubiri jibu, kila mtu anajua. Lakini kutoka mlangoni mwa jikoni, kabla ya mtu mwingine yeyote, Bi Somoe akapiga ukelele: "Mimi! Mimi ni So! So-mo-e!" Akainuka kwa kushika ukuta, kadi yake ya chama mkononi, akaipeleka mbele ya macho ya Ndugu Afisa, kidole juu ya herufi. "Hii hapa so! Hawakuandika Mbuzi!"

Eh, mwanangu! Uani kwetu kulilipuka. Ndugu Afisa alijaribu kubaki afisa, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Mama alikuwa ameinama, anaandika, kama mtu anayeogopa sauti itakatika kabla hajamaliza. Haikukatika. Ilifika mwisho wa kipindi, na betri zikabaki za vipindi vingine.

Darasa halikwenda Buguruni.

Kaka Anyimike alipata uhamisho kwenda Sumbawanga masika yaliyofuata. Mama alimshonea shati la kuondokea. Kabla hajakata, alimpima, na mie nikaona mkono wake unaenda msumarini kwa mazoea, ukasita, ukarudi. Akachukua chaki. Juu ya kitambaa chenyewe, kwa herufi zinazopanda na kushuka kama mbuzi mlimani, akaandika: ANYIMIKE. Na chini yake namba, bega, kifua, kiuno. Kisha akaacha kitambaa kingi ndani ya mshono. "Huko kuna baridi," akamwambia, "na ugali mkubwa. Utanenepa." Kaka Anyimike alisoma jina lake pale, akataka kusema kitu, akapiga chafya badala yake. Mama alichoma nyuzi zake jikoni jioni hiyo. Ule mwekundu niliuficha. Aliuona, akajifanya hakuona.

Nilisoma baadaye. Nilirudi darasani, nikajifunza kwa hesabu kile nilichokijua kwa mafundo, nikatengeneza vikuza sauti vya shule, vya misikiti na makanisa, vya bendi mbili zenye kelele. Kila mara nilianza kwa kuuliza, nani ameketi nyuma kabisa?

Basi nasaha yangu ni hii, na uibebe. Ukiketi mbele ya kompyuta yako, usianze na namba za transista. Funika namba hizo kwa mkono. Uliza kwanza mzunguko wako unamtumikia nani, na huyo anahitaji kiasi gani ili asikaze shingo. Anza kwake, rudi nyuma hatua kwa hatua, na kila transista iulize wewe unamlisha nani, na nani atakulisha. Upana utatoka hapo wenyewe. Usiipende kubwa kwa ukubwa wake, wala ndogo kwa werevu wake. Mtu akikuambia hii ni kubwa, muulize kubwa kuliko nini. Na ukishapata kipimo chako sawasawa, kumbuka kwamba kesho kutakuwa na jua. Acha kitambaa kidogo ndani ya mshono. Na kama kuna siku utapewa kazi ya kupima mambo ya watu, mishahara yao, vyumba vyao, maji yao, fanya vivyo hivyo. Mwanzo ni kigoda cha mlangoni mwa jikoni.

Uzi huu nauweka kwenye mfuko wa begi lako. Rangi imekwenda, mafundo bado.

Mungu akupe sikio la kuwasikia walioketi mbali, mwanangu. Akupe mikono isiyobahatisha, na furaha ile niliyoipata mie siku vilipokutana, akupe mara nyingi kuliko mie. Haya, basi lako hilo linapiga honi. Shika begi. Usinibusu mara tatu, utachelewa. Mlango huo umevimba kwa unyevu, uuvute kwa nguvu kidogo ukitoka. Usiogope kelele, mie napenda kusikia.

Kidogo zaidi.

Hapo. Umefunga.